Taarifa za Kifedha za Umma Zisiachiwe Wahasibu Peke Yao

Kwa Mhariri,

Kila mara ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinapowasilishwa Bungeni, kurasa za magazeti hujaa mamilioni yasiyojulikana yaliko, na baada ya muda wakuu wa idara hufika mbele ya kamati wakiwa wameandamana na wahasibu wao, kama mgonjwa aliyeletwa kwa daktari na jamaa atakayemsemea. Likiulizwa swali kuhusu jengo, anajibu mhasibu. Likiulizwa kuhusu dawa, anajibu mhasibu. Mimi si mhasibu. Ni mhandisi ambaye kwa zaidi ya miaka kumi nimesimamia matengenezo ya majengo na mitambo katika idara moja ya umma hapa Nairobi, na ninaandika kwa sababu nilichelewa mno kutambua kwamba zile kurasa ambazo sisi tusiosomea fedha huziruka ndizo zinazoeleza kazi yetu wenyewe.

Taarifa za kifedha za mwaka huandaliwa na watu wa fedha, lakini yaliyomo hayatokani nao. Mhasibu hakuamua kwamba paa la ghala litengenezwe Mei badala ya Oktoba, hakuandika vipimo vya pampu, hakupokea saruji, wala hakuwatuma watu safarini Kisumu. Yeye huandika matokeo ya maamuzi ya wauguzi wakuu, walimu wakuu, wahandisi, maafisa wa kilimo na wasimamizi wa wadi, kisha waamuzi hao huiona taarifa kwa mara ya kwanza siku mkaguzi anapobisha hodi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lipo, tena limejaa, ila mwenye mali hajalifungua.

Sheria haikukusudia iwe hivyo. Kifungu cha 226 cha Katiba kinasema kwamba mwenye wadhifa wa umma anayeagiza au kuidhinisha fedha za umma zitumiwe kinyume cha sheria au maagizo atawajibika kwa hasara itakayotokea, na ataifidia awe bado ofisini au ameondoka. Hakimtaji mhasibu. Na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 humtwika mkuu wa taasisi, yule afisa masuuli ambaye huenda alisomea udaktari wa mifugo, jukumu la kuhakikisha taarifa zimeandaliwa na kukabidhiwa Mkaguzi Mkuu katika muda wa miezi mitatu baada ya mwaka wa kifedha kufungwa tarehe 30 Juni. Kwa hiyo kati ya Julai na mwisho wa Septemba rasimu huwa mezani, haijatiwa saini, na lililokosewa laweza kusahihishwa kwa kalamu tu. Ikishavuka tarehe 30 Septemba, kosa lile lile huitwa hoja ya ukaguzi, yaani swali rasmi la mkaguzi linalodai majibu.

Niliyajua haya kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita tulinunua pampu ya kisima kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi. Ililetwa, ikapokewa stoo, ikalipwa kabla ya Juni kwisha. Katika ile taarifa inayolinganisha bajeti na matumizi halisi, mstari wangu ulisomeka asilimia 100, na katika mkutano wa wakuu wa idara nilipongezwa. Pampu ilikuwa ingali ndani ya sanduku lake la mbao, kwa sababu hakuna aliyetenga pesa za kufikisha umeme kisimani. Mwaka huo huo mstari wa ukarabati wa paa ulisomeka chini ya nusu, na mahali pa maelezo paliandikwa maneno mawili: ununuzi ulichelewa. Ukweli ni kwamba watu wa ununuzi hawakuchelewa. Nilichelewa mimi kuwasilisha vipimo, na mvua ya masika ikatukuta tukihangaika na maturubai. Mkaguzi alipofika hakunisumbua sana kuhusu ule mstari dhaifu. Aliomba apelekwe kuiona pampu.

Tangu siku hiyo, ninaposhika taarifa yoyote ya kifedha ya umma, huanzia kwenye jedwali hilo la bajeti na matumizi, na ningemshauri kila msimamizi asiyesomea fedha aanzie hapo. Sababu ni kwamba bajeti ni lugha tunayoijua: tuliiomba, tukaitetea, tukapunguziwa. Jedwali huonyesha bajeti ya awali, marekebisho, bajeti ya mwisho, kiasi kilichotumika, tofauti na asilimia. Wengi hurukia asilimia. Mimi husoma kwanza safu ya marekebisho, kwa kuwa ndiyo inayosema nani alinyang'anywa na nani aliongezewa wakati bajeti ya ziada, yaani marekebisho ya katikati ya mwaka, ilipopita. Tuseme idara ilitengewa shilingi milioni 50 mwezi Julai, ikakatwa hadi milioni 20 mwezi Machi, kisha ikatumia zote 20. Asilimia itasoma 100, ilhali kazi iliyoahidiwa wananchi imefanyika chini ya nusu. Hakuna udanganyifu hapo, kila tarakimu ni ya kweli, lakini asiyejua kwamba hesabu ilifanywa juu ya bajeti ya mwisho ataondoka akishangilia. Yale maelezo ya tofauti kubwa, ambayo mwongozo wa taarifa zetu huyataka, yaandikwe na aliyeshika kazi, yasibuniwe na karani wa fedha usiku wa kuamkia siku ya mwisho.

Jambo la pili, nalo ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa, ni kujua taarifa iliyo mbele yako inaandika nini hasa. Tangu mwaka 2014, Bodi ya Viwango vya Uhasibu katika Sekta ya Umma ilipoanzisha viwango vya kimataifa nchini, wizara na serikali za kaunti zilikuwa zikiandika hesabu kwa msingi wa fedha taslimu: pesa ikiingia inaandikwa, ikitoka inaandikwa, na isiyogusa akaunti haionekani katika taarifa kuu. Mashirika mengi ya umma yanayojitegemea yaliwekwa katika msingi wa malimbikizo, ambapo jambo huandikwa linapotokea hata kama pesa haijapita. Tofauti yenyewe kila mkazi wa Nairobi anaijua bila kuwa na jina lake. Mtu anayechukua unga, sukari na mafuta dukani kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi, ukimhesabia pesa zilizotoka mfukoni pekee, utasema hajala. Daftari la mwenye duka linasema mengine.

Ndiyo maana kwa miaka hiyo yote idara iliweza kuonyesha kwamba matumizi yake hayakuzidi mapato, huku wanakandarasi na wauzaji wakizunguka ofisini na ankara za miaka miwili. Madeni yale ambayo hayajalipwa, ambayo mfanyabiashara yeyote aliyewahi kuiuzia serikali karatasi anayafahamu kwa uchungu, hayakuwa yamefichwa. Yaliorodheshwa nyuma kabisa, katika maelezo na viambatisho, mahali ambapo msomaji mchovu hafiki. Hivyo basi mimi husema, pengine kwa kuudhi, kwamba taarifa ya kifedha ya umma isomwe kama wazee wanavyosoma gazeti, kuanzia nyuma. Kiambatisho cha madeni humweleza msimamizi ni kiasi gani cha bajeti ya mwaka ujao kimekwisha kuliwa kabla ya mwaka wenyewe kuanza.

Sasa mambo yanabadilika, na nadhani mabadiliko haya yameelezwa kwa wahasibu vizuri kuliko kwa sisi wengine. Tangu tarehe 1 Julai 2024 serikali ya kitaifa na za kaunti zimeanza kuhamia msingi wa malimbikizo, kwa kipindi cha mpito cha miaka mitatu. Madeni yataingia katika taarifa kuu. Majengo, magari, mitambo na barabara, ambavyo zamani vilihesabiwa kama malipo ya siku moja kisha vikabaki kuwa majina tu katika orodha ya mwishoni, vitahesabiwa kama mali na kupunguzwa thamani kila mwaka kadiri vinavyochakaa. Na hapa ndipo mhasibu anapokwama bila sisi. Kiwango cha uhasibu kinataka mali ianze kuhesabiwa uchakavu inapokuwa tayari kutumika, mahali pake na katika hali yake ya kufanya kazi. Nani anajua kama pampu iko tayari au imo sandukuni? Kinataka pia umri wa matumizi ukadiriwe na kuangaliwa upya. Nani anajua kwamba jenereta iliyoandikiwa miaka kumi imekuwa ikiendeshwa saa kumi na mbili kila siku, na kwamba fundi wa Kirinyaga Road amekwisha kuifungua injini mara mbili? Mhasibu asipoambiwa atatumia asilimia ya uchakavu iliyowekwa kwa mitambo yote ya aina hiyo, na taarifa itatiwa saini ikisema tuna mtambo wa thamani kubwa mahali ambapo tuna chuma chakavu.

Neno linalopotosha kuliko yote, nadhani, ni ziada, yaani mapato kuzidi matumizi, pamoja na kinyume chake, nakisi. Msomaji aliyezoea biashara akiliona huwaza faida, na akiona nakisi huwaza hasara au wizi. Katika taasisi ya umma hayo hayafuati. Chukua mfano wa hospitali ya kaunti, ambayo chini ya sheria ya mwaka 2023 kuhusu mapato ya vituo vya afya inaruhusiwa kubaki na pesa inazokusanya. Tuseme taarifa yake inaonyesha ziada ya shilingi milioni 12, na papo hapo muuguzi mkuu analalamika kwamba glavu hakuna. Wote wawili wanasema kweli. Huenda milioni 30 za mapato yaliyoandikwa bado ziko kwa shirika la bima, na wagonjwa waliotibiwa wamekwisha kupona na kurudi Kayole. Ziada ipo kwenye karatasi. Pesa haipo benki. Hospitali jirani yaweza kuonyesha nakisi kwa sababu tu uchakavu wa mashine za picha za mwili umehesabiwa mwaka huo, ilhali ina pesa za kutosha kulipa kila anayeidai. Ndiyo sababu msimamizi ahame upesi kutoka kwenye ziada na nakisi aende kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, inayoonyesha pesa zilizoingia na zilizotoka, kisha alinganishe mali ya muda mfupi, kama pesa zilizo benki na zinazodaiwa wengine, na madeni ya muda mfupi. Madeni yakizidi, taasisi inaishi kwa subira ya wanaoidai, na mkaguzi kwa kawaida hulitaja hilo kwa maneno ya upole yanayotisha: kuna shaka kubwa kuhusu uwezo wake wa kuendelea.

Masurufu niyataje kwa ufupi tu, maana kila ofisi ina kesi yake. Pesa anayopewa afisa kwa safari huandikwa kama anachodaiwa mpaka alete stakabadhi, na kanuni za mwaka 2015 humpa siku saba za kazi baada ya kurejea kituoni. Asipofanya hivyo, jina lake hukaa upande wa mali ya taasisi. Niliwahi kumwona mkuu wa idara akifurahia upande huo ulivyonona, bila kujua kwamba sehemu yake ilikuwa tiketi za ndege na malazi ya Mombasa ya watu wake mwenyewe.

Nije kwa ripoti ya ukaguzi, ambayo ninyi waandishi mnaitangaza na sisi tunaiogopa, na sidhani kama pande zote mbili tunaisoma vyema. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ina sehemu tatu: ya kwanza ni kuhusu taarifa zenyewe, ya pili kuhusu uhalali na ufanisi wa matumizi ya rasilimali za umma, na ya tatu kuhusu udhibiti wa ndani, usimamizi wa hatari na uongozi. Maoni tunayoyapigia kelele, yaani safi, yenye kasoro, ya kukana kwamba hesabu ni sahihi, au mkaguzi kukataa kutoa maoni kabisa kwa kukosa ushahidi, yanahusu sehemu ya kwanza peke yake. Yanajibu kama tarakimu zinaonyesha picha ya haki. Hayajibu kama maji yametoka bombani. Idara yangu ingeweza kupata maoni safi na pampu ikabaki sandukuni, kwa kuwa ilinunuliwa kweli, ikalipwa kweli, na kuandikwa kweli. Pampu ingetokea sehemu ya pili, ambayo husomwa na wachache zaidi, ingawa ndiyo inayomhusu zaidi msimamizi wa kawaida.

Vilevile kuna maneno ambayo, Mhariri, ningeomba gazeti lako liyatenganishe. Mkaguzi akiandika kwamba shilingi milioni 8 hazikuwa na stakabadhi za kuthibitisha matumizi, hajasema zimeibwa. Huenda zimeibwa, huenda pia vocha imo katika kabati ambalo funguo zake amehama nazo karani. Akiandika kwamba matumizi yalikiuka sheria ya ununuzi, huenda bidhaa ipo na inatumika, lakini aliyeshindana kwa haki alinyimwa nafasi. Akiandika kwamba salio la leja, yaani daftari la hesabu la ofisi, halilingani na la benki, hilo ni jambo la tatu. Kuyaweka yote chini ya kichwa kimoja cha pesa zilizopotea kunamnufaisha mwizi halisi, ambaye hujificha kati ya wazembe na kutoka nao salama. Sisemi wizi haupo. Upo, na baadhi yetu tunajua hata mahali ambapo magari yake huegeshwa.

Lugha nayo ina lawama zake. Taarifa hizi huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, wakati Katiba hiyo hiyo inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Siombi kitabu kizima kitafsiriwe. Kurasa mbili zingetosha, zikieleza kilichoombwa, kilichotolewa, kilichotumika, kinachodaiwa na hoja za mwaka jana ambazo bado hazijajibiwa, maana orodha ya hoja hizo imo tayari katika viambatisho. Mwanachama wa bodi ya shule huko Dagoretti angezisoma akiwa ndani ya matatu, na mwalimu mkuu angejua kwamba zimesomwa.

Kwa wakuu wa fedha ombi langu ni dogo pia. Wengi wenu hutuletea rasimu ikiwa imebaki siku mbili, mkitaka jina na tarehe tu. Ukurasa wenye mistari ya idara fulani upelekwe kwa mkuu wa idara hiyo mwezi Agosti, pamoja na orodha ya mali iliyo mikononi mwake na madeni yaliyotokana na maagizo yake, naye atie saini kwamba amezikagua kwa macho yake. Taarifa nzima tayari hubeba saini ya mkuu wa fedha na nambari yake ya uanachama katika chama cha wahasibu. Sioni kwa nini orodha ya mitambo isibebe saini ya mhandisi.

Mwaka huu niliiomba rasimu mapema bila kungoja kuitwa, nikazunguka nayo stoo na yadi kwa siku mbili pamoja na mtunza stoo. Tulikuta jenereta iliyouzwa kwa mnada bado imo katika daftari la mali, na pampu ile ya kisima, ambayo hatimaye ilifungwa na sasa inasukuma maji, haimo. Niliandikia ofisi ya fedha barua mbili. Katika rasimu ya pili pampu imeingizwa. Hati ya mnada wa jenereta bado tunaitafuta.

Mhandisi katika utumishi wa umma,
Donholm, Nairobi